Ukosefu wa vifaa haukumsaidia Olivera, tuache hizo

Kuna kisa watu wa sayansi wanakipenda sana, cha Baldomero Olivera, Mfilipino ambaye utafiti wake ulitoa dawa ya maumivu kwenye sumu ya konokono wa baharini. Kinasimuliwaga hivi: jamaa kasoma Marekani, Caltech halafu Stanford, huko Stanford akawa kwenye kazi ya kimeng'enya kinachounga vipande vya DNA (1967 hiyo, kazi kubwa sana), akarudi kwao Ufilipino akakuta maabara haina vifaa vya kuendelea na DNA, basi akatafuta kitu kisichohitaji mashine za gharama, akakumbuka magamba ya konokono aliyokuwa anakusanya utotoni, dawa ikapatikana. Halafu msimuliaji anamalizia kwa kuwaambia vijana kwamba kukosa vifaa ni baraka.

Hapo ndo mimi nagoma.

Ni kweli kuwa alianza hivyo. Yule konokono, Conus geographus, ana ganda lenye umbo la koni na anawinda samaki kwa jino kama sindano lenye sumu, akikuchoma hata wewe unaweza kufa. Olivera na mwenzake Lourdes Cruz wakaanza kuitenganisha sumu waone nini kinapoozesha. Walichokipata kinazuia ujumbe wa neva usifike kwenye misuli, safi, ila tatizo ni kwamba sumu za namna hiyo zilishajulikana kutoka kwa nyoka. Kama hadithi ingeishia hapo leo tusingekuwa tunamzungumzia.

Kilichobadilisha mambo kilitokea Chuo Kikuu cha Utah, alikohamia mwanzoni mwa miaka ya 70. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza, Craig Clark, akaleta wazo kwamba badala ya kumchoma panya sindano ya tumboni, kwanini wasiipeleke sumu moja kwa moja kwenye ubongo? Maprofesa wengi wangemwambia dogo kaa chini. Aliachiwa ajaribu, na kila kipande cha sumu kikaja na kituko chake, panya huyu analala, yule anatetemeka, mwingine anajikuna tu, na kuna kimoja kiliwalaza panya wachanga lakini wakubwa kikawafanya wakimbie hovyo! Yani konokono mmoja ana duka zima la dawa, kila kemikali inagusa sehemu yake kwenye mfumo wa neva. Kwa mtu wa famakolojia (sayansi ya dawa) hiyo ni dhahabu.

Kijana mwingine, Michael McIntosh, ndo kwanza katoka sekondari, akaenda kwa konokono mwingine, Conus magus, akapata peptidi (kama protini ndogo, mnyororo mfupi wa asidi za amino), hii ya asidi za amino 25, inayotetemesha panya. Ikaja kugundulika inaziba milango ya kalsiamu kwenye ncha za neva zinazopeleka habari za maumivu kwenye uti wa mgongo. Ndo ziconotide hiyo, Marekani waliipitisha Desemba 2004. Haina uraibu wa mofini wala haizimi pumzi, ila lazima iingizwe kwa pampu kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, na inaweza kumchanganya mtu akili hadi aone vitu ambavyo havipo, kwa hiyo wanapewa wale ambao dawa nyingine zimeshindikana.

Sasa hesabu mwenyewe: panya, mashine za kutenganisha kemikali, wakemia wa kuitengeneza peptidi bila kuua konokono, kampuni ya kulipia majaribio, na zaidi ya miaka 20 ya kuvumilia. Hapo ukosefu uko wapi? Ukosefu ulimchagulia mnyama wa kuanza naye, basi, na hata hilo lilitegemea kwamba huyo mnyama anaishi bahari ya kwao na yeye alikuwa anampenda tangu mtoto.

Tena Olivera ana bahati, wakemia wanaweza kuitengeneza maabara peptidi ndogo hivyo. Waliochagua sponji za baharini (wanyama wanaokaa wamejishikiza chini ya bahari) waliteseka, Daisuke Uemura na wenzake kule Japani walichakata kilo 600 za sponji wakapata miligramu 12.5 za kemikali inayoitwa halikondrini B, ikabidi Yoshito Kishi wa Harvard na timu yake watafute njia ya kuitengeneza kikemia, wakamaliza 1992, na dawa ya saratani ya matiti iliyotokana nayo, eribulin, ikapitishwa 2010. Hamna mtu anafika huko kwa kubana matumizi.

Kinachoniudhi zaidi ni Lourdes Cruz. Huyu ndo aliyefanya kazi ya sumu hizi tangu mwanzo, akawa profesa Chuo Kikuu cha Ufilipino, na 2006 nchi yake ikampa heshima ya Mwanasayansi wa Taifa. Wanaosimulia kisa cha maabara isiyo na vifaa wangemtaja yeye wa kwanza, maana ndiye aliyefundisha na kutafiti kulekule kwenye huo ukosefu wanaousifia, lakini mara nyingi hata jina lake hawalitaji.