Tangazo la Kisima na Redio Isiyotoka Studio

Mwishoni mwa kiangazi kilichopita, kamati ya kisima ya mtaa wetu wa Oli, hapa jijini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda (ulimi wangu bado unasema mjini, ingawa tulipewa hadhi ya jiji mwaka 2020), ilinituma nipeleke tangazo redioni, kwa sababu tu mwandiko wangu ndio unaosomeka bila kubahatisha. Tangazo lenyewe lilikuwa na mistari minne: pampu imeharibika, mkutano wa kukubaliana mchango wa vipuri utafanyika kesho saa kumi jioni chini ya mwembe, na kila nyumba imtume mtu mmoja. Katika dirisha la mapokezi la stesheni moja nilimkuta kijana mwenye adabu sana, ambaye aliyahesabu maneno yangu kwa ncha ya kalamu, kisha akanieleza kwamba, kwa kuwa tangazo limetaja fedha, linahesabiwa kuwa la biashara. Nililipa, nikapewa risiti, nikaahidiwa kwamba lingesomwa jioni ileile mara baada ya taarifa ya habari. Jioni hiyo, hata hivyo, kulikuwa na mechi ya ligi ya Uingereza.

Yaliyoufika mkutano wetu nitayaeleza baadaye. Simlaumu kijana yule, ambaye hakuipanga bei wala hakuichagua mechi. Ninachouliza ni redio gani hasa inayostahili kuitwa ya umma katika nchi hii, kwa maana jina hilo tunaligawa kwa ukarimu kupita kiasi. Kwa mujibu wa sheria, shirika la umma ni UBC, yaani Shirika la Utangazaji la Uganda, lililoundwa mwaka 2005 kwa kuziunganisha Radio Uganda na televisheni ya taifa, na ambalo limekuwa likihangaika kutafuta fedha tangu ada ya leseni ya televisheni iliposimamishwa ikiwa bado changa. Pembeni yake zimo redio za makanisa, za misikiti, za mashirika ya kijamii na za wafanyabiashara, na takriban zote hujiita sauti ya wananchi. Maoni yangu ni kwamba cheti cha usajili hakitoshi kuifanya redio kuwa ya umma, na wala lugha inayozungumza haitoshi. Inakuwa ya umma pale inapohudhuria shughuli za watu: mkutano wa kisima, mnada wa mifugo, matanga, siku ya wazazi shuleni, kikao cha mgogoro wa mpaka wa mashamba.

Waliokua enzi za Radio Uganda wanaielewa hoja hii bila maelezo mengi, kwa sababu walilelewa na matangazo ya vifo. Watu wa Buganda waliyaita ebirango, nasi huku kaskazini-magharibi tuliyasikiliza kwa makini kuliko hotuba yoyote ya mkubwa. Msomaji alitaja jina la marehemu, mahali mwili ulipolazwa na siku ya maziko, kisha akaanza safari ndefu ya kuwataja ndugu mmoja mmoja na mahali anapoishi kila mmoja wao. Watu wengi wa West Nile, eneo letu hili, walikuwa wakifanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, mwendo wa zaidi ya siku moja kutoka nyumbani kwa barabara za wakati ule, na simu ilikuwa kitu cha ofisi. Hivyo tangazo liliposema kwamba fulani wa Kakira ajulishwe, aliyelisikia hakubaki msikilizaji tu. Aligeuka kuwa mjumbe, akatoka nje usiku kwenda kubisha mlango wa jirani yake. Ni kweli kwamba matangazo hayo nayo yalilipiwa, na sitaki kuupaka asali wakati uliopita. Lakini yalikuwa na saa yake inayojulikana, na hapakuwa na mpira wa kuyasogeza.

Milango ilipofunguliwa mwaka 1993 kwa redio za watu binafsi, Sanyu na Capital zikitangulia mjini Kampala, tulipata uhuru ambao sitaki kuubeza. Leo nchi ina stesheni zaidi ya 200 za masafa ya FM, na mtu wa Arua anaweza kusikia habari kwa Kilugbara, Kialur, Kimadi au Kikakwa bila kuisubiri zamu ya dakika chache kutoka Kampala. Radio Pacis ya Jimbo Katoliki la Arua, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2004, ilifikia hatua ya kutunukiwa na BBC mwaka 2007 tuzo ya redio mpya iliyo bora barani Afrika, na tulitembea vifua mbele kana kwamba sote tulikuwa watangazaji. Lakini pamoja na uhuru huo ilikuja namna mpya ya kuelewa neno shughuli. Shughuli ya redio sasa ni gari lenye spika nne za kutisha, mchekeshaji, fulana za kampuni ya simu na vijana wanaoshindana kucheza ili wapate muda wa maongezi. Watu wanakusanyika, ndiyo, lakini hakuna anayewauliza lolote isipokuwa kama wanajisikia vizuri.

Zamani waliulizwa. Miaka ya 2000 ilipoanza, Radio One ya Kampala iliweka vipaza sauti katika ukumbi wa Club Obbligato, ikawaalika watu waje mwishoni mwa wiki kujadili mambo ya nchi huku yakirushwa moja kwa moja. Mtindo huo ukaitwa ekimeeza, neno la Kiganda linalotokana na meza hii hii yetu, na kwa wingi ebimeeza. CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ikaanzisha wake na kuuita Mambo Baado; Radio Simba ikawa na Simbawo Akati. Napenda sana kwamba mojawapo ya mijadala mikali ya Kiganda ilibeba jina la Kiswahili, hali watu wa Kampala wanatuambia kila siku kwamba lugha hii si yao.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Ulijiandikisha kwa mwenyekiti, ukasubiri zamu yako, ukapewa dakika chache, na ukizungumza upuuzi ulizomewa hadharani na taifa zima likasikia. Ninaitaja zomeazomea hiyo kwa makusudi. Mtu anayepiga simu studio anaweza kukatwa kwa kitufe, na anaweza pia kudanganya bila kuonekana uso. Mtu anayesimama mbele ya jirani zake hana kitufe wala pazia. Ebimeeza zilikuwa na kasoro zake: wanaume walizijaza, wasemaji hodari walirudi wiki baada ya wiki hadi wakawa kama wameajiriwa, na vyama vilijifunza kuwapanga watu wao mapema kwenye orodha. Pamoja na hayo yote, hapo ndipo mahali pekee nilipowahi kumsikia fundi baiskeli akimkatiza mbunge kwa takwimu, na mbunge akatulia.

Mwezi Septemba 2009, Kabaka, mfalme wa Buganda, alipozuiwa kwenda Kayunga, ghasia zilizuka Kampala na miji ya karibu, watu wakauawa. Serikali ilizifunga redio nne, CBS ikiwa mojawapo, nayo haikurudi hewani hadi Oktoba 2010. Ebimeeza zilipigwa marufuku. Jambo ninalolitafakari mara kwa mara ni kwamba mwaka huohuo, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, serikali ilianzisha mpango wake wa mikutano ambako maofisa wa wilaya huja mbele ya wananchi kueleza fedha za umma zilivyotumika. Mpango huo ukaitwa Baraza. Meza ikaondolewa na baraza likaletwa, yote mawili kwa maneno ya lugha yetu, na tofauti kati yake ni kubwa: mezani wananchi waliitana wenyewe, barazani wanaitwa. Siyapingi mabaraza, nimehudhuria na nimeona mhandisi wa wilaya akitokwa na jasho. Nasema tu kwamba anayeitisha kikao ndiye anayepanga ajenda.

Wapo watakaosema kwamba kipaza sauti mbele ya umati ni kiberiti karibu na nyasi kavu. Hofu hiyo si ya kijinga, na historia ya nchi hii haimruhusu mtu kuicheka. Hata hivyo, tuna mfano wa karibu unaoonyesha upande wa pili. Mjini Gulu, Mega FM ilianza mwaka 2002 vita vya waasi wa LRA vikiwa bado vinawaka, na kipindi chake cha Dwog Cen Paco, maana yake rudi nyumbani, kiliwaleta hewani waliokwisha kutoka msituni ili wazungumze na wenzao waliobaki na bunduki. Walitaja majina yao, wakawasalimu ndugu zao, wakaeleza kwamba wamepokewa chini ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 na kwamba hawakuuawa kama walivyotishwa. Kule msituni waliwasikiliza kwa redio ndogo za betri, wengine kwa kujificha. Kama sauti za watu wa kawaida ziliweza kutumika hivyo katikati ya vita, sioni kwa nini zituogopeshe tunapojadili bei ya vipuri vya pampu. Tena kipaza sauti kinapomfuata mtu hadi mtaani kwake, mbele ya mama yake, imamu wake na mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya mtaa, mara nyingi anayashika maneno yake vizuri zaidi kuliko akiwa peke yake na simu.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Mkutano wowote wa Oli una Walugbara, Waalur, Wanubi, wafanyabiashara waliozoea soko la Ariwara upande wa Kongo, na siku hizi familia zilizotoka Sudan Kusini ambazo zina ndugu katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi. Kikao kikianza kwa Kilugbara, kwa nusu saa watu wataguna. Kisha mzee mmoja atasema, "Jamani, tuongee Kiswahili tumalize," na kikao kitakwisha. Hakuna aliyetulazimisha. Najua kwamba sehemu nyingine za Uganda Kiswahili bado kinanuka baruti, kwa kuwa kilikuwa lugha ya kambi na vizuizi vya barabarani, na kwa kuwa Amin, mtu wa upande huu wetu, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Tangu hapo nimesikia redio kadhaa zikirusha masomo ya Kiswahili, ngeli kwa ngeli, kwa sauti ya mtu anayesoma maagizo ya dawa. Ningependa fedha hizo zinunue waya mrefu. Mpelekeni mtangazaji kwenye mkutano ambao Kiswahili tayari kinafanya kazi, mfungulie kipaza sauti, na msikilizaji wa Bombo au Busia atajifunza ngeli zote akiwa anafuatilia nani amekula pesa za kisima.

Gharama ninaifahamu kidogo, kwa sababu nilimuuliza fundi. Si kazi ya kuhitaji gari la kitaifa: kinasa sauti kizuri, vipaza sauti viwili, petroli ya pikipiki, mtangazaji anayejua kunyamaza. Kikao kinaweza kurekodiwa alasiri, kikahaririwa kwa uangalifu na kurushwa usiku, jambo ambalo pia lingewatuliza wanaoogopa kiberiti. Saa ipo. Stesheni zetu zote zimezoea kutoa muda wa bure kwa serikali, ambapo mkuu wa wilaya na maofisa wake hueleza mipango yao, na hakuna redio niliyosikia imefilisika kwa sababu hiyo. Tume ya Mawasiliano, ambayo ndiyo inayotoa leseni, ingeweza kudai saa moja nyingine kwa wiki inayotoka nje ya studio, kijiji kimoja leo, kingine wiki ijayo, pamoja na dakika kumi za matangazo ya jamii kila jioni, bila malipo, kwa wakati usiosogezwa na mechi wala mgeni. Na UBC, ambayo ina masafa katika pembe nyingi za nchi na jukumu la kisheria la kuuhudumia umma, ingepaswa kuanza kabla ya kuambiwa.

Kuhusu tangazo letu, lilisomwa. Mechi iliingia dakika za nyongeza, baadaye kukawa na uchambuzi, na mistari yangu minne ilisogezwa hadi usiku uliofuata, ikasomwa neno kwa neno kama nilivyoiandika. Wakati huo mkutano ulikuwa umekwisha fanyika, tukiwa watu kumi na wanne, wengi wao wanakamati na wake zao, na hatukukubaliana lolote. Neno "kesho" nililoliandika kwa mkono wangu likawa limehamia siku nyingine. Keshoye saa kumi kamili nilipita pale mwembeni nikitoka kazini, nikamkuta Mama Zubeda, jirani yetu wa nyumba ya tatu, amekaa juu ya kigoda alichokibeba mwenyewe, na noti ya shilingi elfu tano imefungwa kwenye pindo la kanga yake. Alinisalimu, akaniuliza kama wenzake wako njiani.