Msimkate Mjane Ili Tiketi Ziuzwe

Kamati ya kikundi chetu cha maigizo imeamua kufupisha igizo la mjane. Wanaondoa pale anapouinua ufunguo wa nyumba mbele ya macho ya shemeji zake na kuwauliza ni nani kati yao aliyemuuguza marehemu. Sababu waliyotoa: watu hulipa kiingilio ili wacheke. Hasira bado haijanitoka.

Haya, ukumbi hulipiwa. Taa, maleba, malipo ya mtunzi, vyote hutoka kwenye tiketi, na waigizaji wetu wenyewe hawapati hata nauli. Kikundi chenye madeni hakifiki mbali. Chezeni vichekesho vilipie igizo gumu, sina neno.

Lakini tazameni mnachokata. Nusu nzima ya kwanza shemeji wanamfanyia mjane mzaha na ukumbi unacheka nao. Jibu lake hilo la ufunguo ndilo linalougeuza mzaha ule. Likitoka, tunabaki na mwanamke anayechekwa mpaka mwisho, na miongoni mwa watazamaji watakuwamo wajane waliolipa kuja kuyaona hayo. Hilo siwezi kulinyamazia.

Tena nani amethibitisha kwamba igizo zito haliuzi? Mtu huja kwenye maigizo ya jamii kwa kuwa anamjua aliye jukwaani, au kisa kinamgusa. Kule Kamiriithu, kijiji cha Limuru nchini Kenya, mwaka 1977, wanakijiji walijijengea jukwaa na mazoezi yakafanyika hadharani, watu wakitazama, wakikosoa, wakirekebisha lugha. Igizo lilihusu ardhi na unyonge wa vibarua. Umati ulifurika, mpaka serikali ikafuta kibali cha kulionyesha.

Nasi tumeonja kidogo. Katika mazoezi, mjane alikuwa akiuweka ufunguo mezani. Mama anayefagia ukumbi akasimamisha ufagio, akasema, "Asiuweke. Akiuweka tu, wameuchukua." Mwongozaji akabadilisha papo hapo. Kesho yake mama yule alirudi na majirani zake, wakakaa hadi tukazima taa, na wote waliuliza onyesho ni lini. Hao ni wanunuzi wa tiketi ambao hakuna bango lililowaita.

Kwa hiyo naiomba kamati: rudisheni sehemu ile, fungueni milango wakati wa mazoezi, na mweka hazina ahesabu mauzo baada ya onyesho la kwanza, si kabla. Tiketi zikikosa wanunuzi, nitakuwa wa kwanza kubeba viti vya kichekesho kijacho.