Sema Pin!

Anayezungumza Kiingereza cha London au cha New York anapotamka 'pin', midomo yake ikishaachana hupita pumzi tupu kabla ya nyuzi sauti kuanza kutetema. Mwaka 1964, wanaisimu Leigh Lisker na Arthur Abramson waliupima muda huo katika Kiingereza cha Marekani, wakapata wastani wa milisekunde 58. Itangulize 's', useme 'spin', na pumzi hiyo hutoweka; karatasi iliyopepea mbele ya mdomo kwa neno la kwanza hutulia tuli kwa la pili.

Nilitaka kujua kama sisi wa Nairobi tunaitoa pumzi hiyo. Kwa kuwa honi za matatu za Zimmerman hazijali isimu, nilimfunika binamu yangu blanketi kichwani pamoja na simu ya kurekodia, nikavaa vipokea sauti masikioni na kwa hiyo nikawa ninapaza sauti pasipo kujua.

"Sema pin!"

Alisema.

"Si hiyo! Sema tena!"

"Kaka, si nimeshasema?" alilalamika kutoka gizani.

"Usinitungie! Nataka ile unayoitumia kila siku!"

Hilo lilikuwa sharti halali la utafiti, maana msemaji anayejikakamua huharibu vipimo. Lakini katika jiji ambalo akiba ya mtu hukaa simuni nyuma ya tarakimu nne za M-Pesa, ploti nzima ilikuwa imeshasikia ya kutosha. Mlango uling'oka pamoja na kitasa. Aliyetangulia alikuwa mlinzi na rungu lake, akifuatwa na mama jirani aliyeshika mwiko wenye ugali bado, na nyuma yao watu waliokuwa tayari kunitambua kituoni ingawa hawajaniona uso.

Mama alimfunua binamu yangu. "Mwanangu, umempa?"

"Nimempa nyingi, mama, lakini anasema hazina pumzi."

Rungu liliinuka. Nilijieleza kwa haraka ambayo sikuwahi kuifikia katika mtihani wowote wa mazungumzo, kisha nikampa mlinzi karatasi ajaribu mwenyewe. Alisema 'pin', karatasi haikutikisika. Ndipo fundi viatu, mzaliwa wa Mombasa, alipoipokea kwa dharau, akataja paa la nyumba nayo ikatulia, akamtaja paa wa porini nayo ikapepea, kwa sababu kwao pumzi hiyo hutenganisha maana, ilhali katika Kiingereza ni alofoni tu, yaani namna nyingine ya kutamka sauti ileile bila kubadili maana. Walibishana hadi ugali ukapoa.

Kumbe simu ilikuwa ingali inarekodi. Nilipoyafungua mawimbi katika Praat, programu ya kuchanganua sauti ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ule mlango ulizipita 'p' zote kwa ukali. Mhadhiri anayenisimamia aliutazama kwa makini, akauliza kipasuo kile safi, yaani sauti ya aina ya 'p', kilitamkwa na nani. Nilimjibu kwamba ni cha mlinzi wa ploti, naye akashauri nimrekodi zaidi.