Komenti Yangu Imekwama Uwanja wa Ndege

Mimi riziki yangu ni makosa ya watu. Wanafunzi wa vyuo wananiletea tasnifu, nazisoma kwenye Word, ile programu ya kuandikia ya Microsoft, naweka komenti pembeni, wananilipa kwa simu. Wengine wananilipa kwa "nitakuona, kaka". Na miaka yote utaratibu ulikuwa mmoja: unachagua neno lenye kasoro, unafungua komenti, unamwaga dukuduku lako, unabofya kwingine, unaendelea. Komenti inakaa pale kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

Ikaja 2021. Wenye programu wakakaa kikao huko kwao, wakaona tunaishi kwa raha mno. Sasa ukishaandika komenti bado hujamaliza. Kuna kialama cha kindege cha karatasi, kama vile tulivyokuwa tukivirusha darasani mwalimu akigeukia ubao. Usipokibofya, komenti haijaenda popote, ni rasimu. Yaani nimekaa peke yangu chumbani Sinza, faili limo kwenye kompyuta yangu mwenyewe, atakayelisoma atalisoma wiki ijayo, lakini komenti lazima ipande ndege kutoka kidoleni kwangu hadi pembeni mwa ukurasa!

Sababu naijua, msinifundishe. Eti siku hizi watu watano wanahariri faili moja kwa wakati mmoja mtandaoni, si vizuri wenzako wakaona sentensi yako haijakamilika. Sawa. Hao watano wako wapi? Hapa tuko mimi, feni na mbu.

Kibodi nayo ina visa vyake. WhatsApp ya kwenye kompyuta nikigonga Enta ili nishuke mstari, ujumbe unachomoka haujavaa hata shati. Huku nikigonga Enta ili komenti iondoke, inashuka mstari. Kuiondosha ni Kontroli na Enta kwa pamoja. Vidole vyangu siku hizi vinaishi kama mtoto wa wazazi walioachana, kila nyumba na sheria zake.

Ukishairusha ukagundua umekosea, kuna alama ya penseli ya kubofya kwanza, ndipo uruhusiwe kugusa maneno yako mwenyewe. Halafu kuna ile tiki ya kusema jambo limekwisha shughulikiwa. Mteja akiibofya, komenti inatoweka pembeni, uifuate kwenye paneli yake kando. Nusu ya wateja wangu wamegundua kwamba kubofya tiki ni rahisi kuliko kusahihisha. Mwanzoni tuliachiwa katundu kwenye mipangilio ka kurudia mfumo wa zamani. Tukapumua. Wakakaziba.

Yote hayo ningeyameza. Lakini mwezi uliopita alikuja mzee mmoja, mstaafu, amerudi chuo kusomea shahada ya uzamili. Mtu safi, kalipa nusu kabla hata sijafungua faili. Nikafanya kazi mpaka usiku wa manane, nikirusha vindege kama rubani wa jeshi. Mwisho kabisa nikafika kwenye ukurasa wa shukrani. Mzee ameandika: "Namshukuru mke wangu kwa kufariki kila nilipokata tamaa."

Nikasoma mara tatu. Alikusudia kufariji. Jei na kei ni majirani kwenye kibodi, kidole kikiteleza kidogo tu, mtu yuko kaburini. Na msiniambie habari za mstari mwekundu. Kompyuta yangu inaamini Kiswahili chote ni Kiingereza kilichokosewa, ukurasa mzima umepigiwa mistari tangu mwanzo, kufariji na kufariki zote kwake ni uhalifu uleule.

Mnauliza kwa nini sikubadilisha mwenyewe. Shukrani za mtu huwa sizigusi, ndiyo sheria yangu. Ya nyumbani kwake nayajuaje mimi? Nikaweka komenti ndefu yenye adabu: "Mzee wangu, tafadhali hakiki neno hili, naona mama bado anahitajika." Nikabofya kwingine, kama nilivyofanya miaka yote. Nikahifadhi, nikatuma, nikalala usingizi wa mtu aliyeokoa maisha.

Wiki mbili baadaye simu inaita, namba ngeni.

"Shikamoo," nikasema, maana niliisikia sauti ya mtu mzima.

"Marahaba. Unaongea na marehemu."

Kijasho kikanitoka. Nikakimbilia kompyuta, nikafungua faili ambalo sikuwa hata nimelifunga. Komenti hii hapa! Imekaa ndani ya kisanduku chake na maneno yake yote, na kindege kando yake hakijaguswa. Abiria kafika uwanjani, begi kafunga, tiketi mkononi, hakuna aliyemwita apande.

Tasnifu ilikuwa imeshachapwa nakala nne, imebaindiwa jalada gumu, herufi za dhahabu. Mama mwenyewe kaisomea mbele ya wageni waliokuja kumpongeza mumewe, na shemeji yake mmoja, anasema, alicheka mpaka akatolewa nje.

Nikaanza kujieleza. Nikamweleza mfumo wa zamani, mfumo mpya, watu watano wa mtandaoni, kindege cha karatasi kilivyo kidogo, Kontroli na Enta. Nilisema dakika nzima bila kupumua. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo, mwanangu," akasema, "mimi nimekufa kwa ajali ya ndege?"