Vietnam: makala zimeongezeka, maswali yamekwenda wapi?

Mwaka 2022 tasnifu moja ya uzamivu ilizua kelele Vietnam nzima. Ilihusu namna ya kukuza mpira wa vinyoya miongoni mwa watumishi wa umma wa mji wa Sơn La, huko milimani kaskazini-magharibi. Watu wakauliza: na hili nalo ni la udaktari? Hasira ile ilikuwa na mzizi wa mwaka mmoja nyuma. Katikati ya 2021 Wizara ya Elimu na Mafunzo ilitoa kanuni inayomruhusu mwanafunzi wa uzamivu kuhitimu hata kama makala zake zimechapishwa katika majarida ya nchini pekee. Kanuni ya 2017 ilimtaka kwanza apenye kwenye uwanja wa kimataifa, hasa majarida yaliyomo katika ISI na Scopus, orodha za kimataifa za majarida yaliyochujwa.

Tangu hapo wasomi wa Hanoi na Jiji la Ho Chi Minh wanabishana kuhusu orodha hizo: ziwe sharti au zisiwe? Kila upande una hoja nzito. Ninachokiona mimi ni kwamba pande zote mbili zinapima nafaka na maziwa kwa kibaba kimoja. Makala ya uhandisi si sawa na makala ya fedha na biashara, na madhara ya kuzihesabu pamoja hayafanani.

Wanaotetea sharti la kimataifa wanakumbuka mwaka 2016. Wakati huo ilijulikana kwamba taasisi moja ya sayansi ya jamii jijini Hanoi ilikuwa ikitoa madaktari wa falsafa wapatao 350 kwa mwaka, na magazeti yakaipachika jina la mashine ya kutotolea vifaranga. Msimamizi, mtahini na mhariri wa jarida walikuwa watu wanaojuana. Wavietnam wana neno kwa mtindo huo, xin-cho, yaani omba upewe. Kwa kijana asiye na mkubwa wa kumshika mkono, mhakiki wa mbali asiyemjua mtu ni ukombozi wa kweli. Ndivyo pia mfuko wa taifa wa utafiti, NAFOSTED, ulivyoanza kazi mwaka 2008: ruzuku kwa ushindani, na katika sayansi asilia na uhandisi mtafiti hudaiwa makala za kimataifa. Siuoni ubaya wa hilo hata kidogo.

Katika uhandisi matunda yanaonekana. Maabara ni ghali, lakini hesabu zinahitaji kichwa, kompyuta na subira, na hapo ndipo Wavietnam walipojikita. Nguyễn Xuân Hùng, mtaalamu wa mekanika ya kukokotoa, anatajwa sana na wahandisi duniani kwa njia za kukadiria jinsi bamba au boriti inavyopinda chini ya mzigo. Mlinganyo wa boriti haubadiliki kwa sababu umevuka mpaka. Mhakiki aliye Ubelgiji au Korea anaweza kuukagua bila kujua lolote kuhusu Da Nang.

Lakini ubora huo haukuletwa na orodha. Hoàng Tụy, aliyeingiza nchini humo hisabati ya kupanga shughuli na kuielekeza kwenye matatizo kama ya usafirishaji, alitoa mwaka 1964 mbinu ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake na inahesabiwa kuwa mwanzo wa fani ya kutafuta kilele cha jumla, yaani jibu lililo bora kuliko yote yanayowezekana. Nchi ilikuwa vitani. Alianza na tatizo lililokuwa mbele yake, nadharia ikafuata.

Wapinzani wa sharti nao wanaonyesha palipooza. Makala ikishageuka sarafu, atapatikana wa kuinunua. Mwaka 2023 ilifichuka kwamba mwanahisabati mmoja aliyeajiriwa chuo kimoja alikuwa akichapisha makala kwa jina la vyuo vingine viwili vya kusini, kwa malipo. Alijiuzulu kwenye baraza la hisabati la NAFOSTED. Wapo waliomtetea kwa hoja ya mshahara mdogo, na nawaelewa. Ila chuo kinacholipia jina kwenye makala hakijajenga maabara wala hakijamlea mwanafunzi hata mmoja.

Kwenye biashara na fedha jambo ni zito zaidi. Jarida la nje halina sababu ya kujali kiwanda cha samaki cha Cần Thơ, kwa hiyo mtafiti hujifunza kuuliza swali lisilo na kwao. Anachukua nadharia iliyozaliwa Marekani, anagawa dodoso kwa watu mia mbili au mia tatu, wengi wao wanafunzi, wajibu kuanzia moja hadi tano, anaingiza majibu kwenye programu, na nia ya mteja kununua inathibitishwa kwa mara nyingine. Kazi ni halali, takwimu ni safi. Mwenye kiwanda hana cha kuchukua humo.

Upande wa fedha nitatoa mfano mmoja. Soko la hisa la Jiji la Ho Chi Minh lilifunguliwa Julai 2000 likiwa na kampuni mbili tu, na lilivyokua lilileta takwimu ambazo wachumi walizitumia kwa hamu: umiliki wa serikali, muundo wa bodi, hatari za benki. Kisha Oktoba 2022 akakamatwa Trương Mỹ Lan, tajiri mkubwa wa biashara ya nyumba na ardhi. Sheria ilikataza mtu mmoja kumiliki zaidi ya asilimia 5 ya hisa za benki. Waendesha mashtaka walionyesha kwamba kupitia majina ya watu wengine alidhibiti zaidi ya asilimia 91 ya benki ya SCB. Basi hesabu yoyote ya umiliki iliyotegemea taarifa zilizochapishwa na benki hiyo ilikuwa ikipima kivuli. Mhakiki wa London angeona tu kwamba mbinu ni sahihi. Wa kushuku alikuwa mtu wa pale pale, anayejua nani ni nani Saigon, jina la zamani la Jiji la Ho Chi Minh, na ujuzi huo hauna alama kwenye orodha yoyote.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka kurudi kwenye majarida ya nyumbani yalivyokuwa. Yanaweza kujengwa: Chuo Kikuu cha Uchumi cha Jiji la Ho Chi Minh kinatoa JABES, jarida lake la Kiingereza, kwa kushirikiana na mchapishaji Emerald. Jarida la aina hiyo lina nafasi ya kuunganisha jicho la nje na sikio la ndani, mradi wahariri wake wathubutu kuomba makala kuhusu SCB.

Kenya, ambako tangu 2014 miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inamtaka mwanafunzi wa uzamivu awe na makala mbili zilizohakikiwa, inajua ubishi huu vizuri.

Desemba 2024 chama tawala cha Vietnam kilipitisha Azimio namba 57, linalolenga matumizi ya utafiti yafike asilimia 2 ya pato la taifa ifikapo 2030 na kukubali kwamba utafiti unaweza kushindwa. Mhandisi atafaidi fedha hizo mara moja. Mtafiti wa fedha anahitaji kitu ambacho pesa hainunui: daftari la wamiliki halisi wa benki liwe wazi, na aruhusiwe kuandika alichokiona humo.