Reli Iliyopita Shambani kwa Baba Mdogo

Reli ya kutoka Kisumu inaishia Butere. Wakoloni waliisukuma hadi pale, wakajenga stesheni, wakakunja mikono. Ng'ambo ya Mumias kuna Bungoma, ambako reli kuu ya kwenda Uganda inapita zake, na hizo mbili hazijawahi kukutana. Jambo hili limeninyima usingizi tangu utotoni. Mwishowe nikaziunganisha mwenyewe, mezani, katika chumba changu cha kupanga pale Manyatta.

Kampuni yangu ya kubuni inaitwa Reli ya Butere, Mumias na Bungoma, na ilianza kazi 1932. Daftari langu lina orodha ya injini zake, nauli, kesi ya ng'ombe aliyegongwa, na meneja Mskoti aliyependa chupa kuliko kazi. Kilichokosekana ni injini ya kushikika. Hiyo nayo ikaja kwenye furushi la binamu yangu aliyeko Marekani: Mikado, aina ya injini ya mvuke, ila hii ya plastiki ya kuchezea, nyeusi tititi, magurudumu manane ya kuvuta, kipimo cha 1 kwa 87, na kengele ya shaba mgongoni ambayo niling'oa siku hiyo hiyo.

Shida ilikuwa upana. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja, na kwa kipimo hicho ingetakiwa milimita kumi na moja na nusu hivi. Mikado ilisimama kwenye kumi na sita na nusu, yaani milimita 1435 ukiikuza. Magurudumu sikuweza kuyasogeza, kwa hiyo nikasogeza historia: meneja, akiwa amelewa, aliagiza injini Marekani bila kutaja upana, zikaja pana, kampuni ikalazimika kutandika reli ya kuzifuata. Nikaandika kwa wino kwenye ramani: 1435.

Rangi niliitaka ile ya damu ya mzee, ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Injini zake za mvuke za Garratt za daraja la 59, zile thelathini na nne zilizoundwa na Beyer, Peacock ya Manchester 1955 na 1956, zilipendeza kwa rangi hiyo hata kijana wa leo akiiona moja kwenye jumba la makumbusho la reli Nairobi anavua kofia. Nikaivua Mikado rangi ya kiwandani kwa spiriti ya kusafishia vidonda na mswaki wa zamani, kisha nikaipeleka kwa fundi wa rangi za magari.

"Gari liko wapi?" akauliza.

Nikaitoa mfukoni.

Akaigeuzageuza. "Nitakuchaji kama saidi mira." Akapendekeza kwanza aifute kwa thina. Nikamnyang'anya, maana thina na plastiki hiyo wakikutana unabaki na uji. Tukapatana apulize moja kwa moja. Kompresa ilipokohoa, treni iliruka kutoka mezani, ikatua kwenye boneti ya matatu iliyokuwa imepakwa nyeupe dakika ile, ikateleza hadi kwenye taa. Mwenye matatu aliitazama ile mistari miwili ya damu ya mzee, akasema iachwe, inavutia abiria.

Koti la pili lilishika. Ikabaki kuichafua, kwa sababu injini ya mvuke iliyo safi ni uongo mtupu. Masizi mazuri yako jikoni kwa mama, kijijini, kati ya Butere na Mumias. Nikafunga safari na injini, daftari na ramani. Ramani nayo ilihitaji uzee, basi nikailoweka kwenye chai ya rangi, nikaianika kwenye kamba ya nguo.

Baba mdogo akapita.

Baba mdogo si mtu wa kusoma sana, ila tarakimu hazimpiti. Tangu SGR, ile reli mpya ya upana wa milimita 1435, ianze kubeba watu Mombasa hadi Nairobi 2017, ikafika upande wa Naivasha 2019, na redio ikawa haiishi kusema itakuja Kisumu hadi Malaba, ameikariri ile 1435 kama namba ya kitambulisho chake.

"Kijana wangu, hii ramani umeitoa wapi?"

"Nimeichora mwenyewe, Baba."

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akapunguza sauti. "Sawa. Umechora mwenyewe. Hakuna aliyekutuma."

Asubuhi niliamshwa na majembe. Mstari wangu wote ulikuwa unapandwa mikaratusi. Migomba iliyokomaa ilihamishwa na mikungu yake. Nyumba ya udongo ikasimama ikiwa na madirisha na haina mlango. Jirani mmoja alichimba kaburi, kwani alisikia kaburi kulihamisha ni pesa nzuri. Nilipouliza ni la nani akasema la babu yake, na babu mwenyewe alikuwa ameketi kando akimwelekeza pa kuchimba.

Wale ambao reli haikuwapitia walikuja usiku. Shangazi alikuja na jogoo.

"Mwanangu, haiwezi kukata kona kidogo tu ipite kwangu?"

Nikamweleza kwa heshima kwamba injini ya magurudumu manane ya kuvuta haipindi hovyo, yamefungwa pamoja, kona kali inaitoa nje. Akasikiliza yote. Kisha akamweka jogoo mapajani mwangu, akaaga.

Jogoo alikuwa mnono. Nikapata kalamu.

Chifu naye akaitisha baraza. Nikasimama na injini mkononi, nikasema wazi: wazee wangu, hii si SGR, hii ni reli ya zamani, tena ya kubuni. Nadhani walinisikia hadi "ya zamani". Mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyefanya kazi karakana ya Nakuru, akanyoosha mkono. Akaipokea injini, akainusa masizi, akafumba macho.

"Namba saba," akasema. "Ilikuwa inapiga chafya ikipanda Mumias."

Hiyo chafya haikuwa kwenye daftari. Sasa imo.

"Kwa hiyo ilipita?" chifu akauliza.

"Ilipita."

Baba mdogo akainuka polepole, akavua kofia. "Kama ilipita 1932, ilipita shambani kwa baba yetu. Nani alilipwa?"

Watu wakatazamana. Kutoka nyuma, sauti ikaongeza: "Na riba!"

Kamati ikaundwa papo hapo. Mimi ni katibu, kwa kuwa ramani ni yangu. Mwenyekiti ni baba mdogo. Mweka hazina ni shangazi, ambaye reli ilianza kupita kwake juzi.