Mkishaipaka Simenti Nyumba ya Babu, Mgeni Mtamuuzia Nini?

Zimezunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp, zile picha za "kabla na baada". Kabla: nyumba ya mzee aliyekuwa chifu wa saza, yaani wilaya, hapa Buganda, matofali ya kuchoma, baraza pana la mbele, madirisha ya mvule, bati lililopauka. Baada: madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, plasta ya simenti kuanzia msingi hadi juu, bati la rangi ya machungwa lililopigwa umbo la vigae, uwanja wote umezibwa kwa matofali ya zege, na getini bango la "Mapumziko ya Urithi". Urithi upi? Ule uliopakiwa kwenye lori la vifusi?

Na watu wanapongeza! Ukiuliza mvule umekwenda wapi unaambiwa una wivu na maendeleo.

Tuelewane. Mtu wa Kololo, Kampala, anayetafuta pa kupumzika Jumamosi, au Mholanzi anayepitia Jinja kuona chanzo cha Nile, ana hoteli za vigae na aluminiamu kila kona ya barabara. Akikubali kula vumbi mpaka kwenye shamba la babu yenu, anafuata kitu kimoja tu: nyumba iliyosimama tangu enzi za machifu waliopata ardhi ya mailo, ya kumiliki milele, kwa Mkataba wa Buganda na Waingereza wa 1900. Ukuta ule ndio bidhaa yenyewe. Kitanda na chai ya asubuhi hata gesti ya stendi inavyo.

Sasa hii simenti. Nyumba ya miaka ya 1920 mara nyingi haina ile nailoni nyeusi tunayotandika leo juu ya msingi. Ukuta wake hunywa maji kutoka ardhini, kisha huyatoa hewani, kwa sababu matofali yameungwa kwa udongo au chokaa, vitu vinavyopitisha unyevu. Ukibandika simenti, maji hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, yanabeba chumvi, chumvi inaganda ndani ya tofali na kulimenya. Dalili zake kila fundi kaziona: rangi inavimba malengelenge mita moja ya chini, ukigonga plasta inalia utupu, na baada ya misimu kadhaa ya mvua inaanguka vipande vipande ikiwa imeng'ang'ania uso wa tofali. Fundi akiitwa tena analeta nini? Simenti nyingine, safari hii na dawa ya kuzuia maji. Ni kumvalisha mgonjwa wa homa koti la mpira.

Dawa haianzii ukutani, inaanzia chini. Tazameni usawa wa ardhi nje ya nyumba. Miaka mia ya kufagia, kumwaga majivu na kupanda maua imeinua udongo mpaka umepita sakafu ya ndani. Uteremsheni uwe sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu, uinamie mbali na ukuta, na mtaro wa maji ya paa upate pa kwendea. Hilo pekee hupunguza unyevu kabla hujanunua mfuko wowote wa kitu chochote. Ndiyo maana yale matofali ya zege uani yananipandisha presha: mvua yote inayodunda juu yake inarukia ukutani.

Kisha simenti itolewe kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kuvunjia barabara, na ukuta uachwe ukauke kiangazi kizima. Ndiyo, kizima. Baadaye ndipo chokaa. Irowekeni kwenye pipa, maji yaifunike, angalau usiku mmoja. Wiki kadhaa ni bora zaidi, inalainika kama siagi. Pimeni kwa ndoo: moja ya chokaa, tatu za mchanga mkali uliooshwa, si ule laini wa ziwani. Lowesheni ukuta kwanza. Kila tabaka lisizidi milimita 10, na kati ya tabaka na tabaka ipite wiki au zaidi. Magunia mabichi yaning'inizwe mbele siku nne tano, kwa sababu jua la saa saba likiipata chokaa mbichi inapasuka na kugeuka unga. Vaeni glavu na miwani, chokaa hupofusha. Mwishoni pakeni maji ya chokaa, mikono minne au mitano myepesi. Rangi ya plastiki juu ya kazi hiyo ni kurudi mlipotoka.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba simenti ina mahali pake: sakafu ya bafu jipya, shimo la maji machafu, nguzo ya tangi. Na nakubali kazi ya chokaa ni ya polepole, na mafundi wake wamebaki wachache. Lakini hiyo ni sababu ya kuwatafuta mapema. Tazameni Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda: iliteketea tarehe 16 Machi 2010, na UNESCO iliitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Fedha, kamati na maneno vilichelewesha ujenzi mpya, hakuna asiyejua. Lakini hata hazina ingejaa, Muzibu Azaala Mpanga, ile nyumba kuu ya nyasi yenye makaburi, haiezekwi na mkandarasi yeyote mwenye ngazi: kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, mapambo ni ya ukoo wa Ngo. Ufundi huo hauagizwi dukani. Ukipata mzee mmoja anayejua chokaa, mpe vijana wawili wa kuchanganya na uwalipe wote.

Paa: mkilivua bati la zamani, lipimeni kabla ya kuliuza kwa wa vyuma chakavu. Mengi ni mazito kuliko geji 30 mnayoletewa leo. Kutu huanza kwenye maungio na kwenye misumari. Badilisheni yaliyotoboka, mengine yasuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Kazi iishe kabla ya mvua za Machi, au kabla ya zile za Septemba.

Maji ya moto mgeni atayataka, na ana haki. Lakini hita nne za bafuni za kilowati 5.5, wageni wote wakioga saa moja asubuhi, ni kilowati 22, zaidi ya ampea 90. Laini ya kawaida ya fezi moja haibebi mzigo huo kwa usalama, na waya za zamani zilizovikwa mpira uliokauka zitawaka ndani ya dari ya mbao mkiwa jikoni mnakaanga mayai. Tumieni hita ya jua. Ila msiipandishe juu ya paa la babu: lita 200 ni kilo 200 kabla hujahesabu tangi lenyewe. Jengeni bafu nyuma, limeachana na ukuta wa zamani, na hita ikae huko.

Halafu hii haraka ya vyumba inatoka wapi? Chumba kinataka bafu, neti, shuka, mlinzi wa usiku, na mtandao wa kuweka nafasi unaokata asilimia 15 au zaidi. Baraza zima, paa lisilovuja na choo kimoja safi vinatosha kuanza na chakula cha mchana cha Jumamosi kwa oda. Luwombo, kitoweo kinachofungwa kwenye jani la mgomba, hupikwa kwa mvuke saa kadhaa, kwa hiyo oda na malipo ya awali yafike Alhamisi, si mgeni akishashuka garini. Pesa ya luwombo inunue chokaa ya chumba cha kwanza.

Kuhusu hati ya ardhi ambayo bado iko kwa jina la marehemu: hakuna benki wala mshirika makini atakayewasikiliza bila usimamizi wa mirathi mahakamani. Fanyeni hilo kabla ya kununua hata msumari. Makaburi ya ukoo yawekewe uzio na njia yake. Ziara ipite mbali, na siku ya msiba nyumba imefungwa kwa wageni, basi.

Mwisho, fungueni akaunti ya kulitunza paa. Kila wiki, kabla ya mtoto yeyote wa ukoo kukopa "kidogo tu", sehemu moja kati ya kumi ya mapato iingie humo, na isitoke bila saini mbili za watu wa matumbo tofauti. Mkishindwa kukubaliana ni nani watie saini, ahirisheni bango.